Somo la 14: Mkutano wa Wanaotaka Kuacha Ulevi, na Namna ya Kuufikia



Katika masomo yaliyotangulia tulizifafanua Amri za Mungu, na tulipofika kwenye amri ya tano tulisema kwamba mtu hana ruhusa ya kuuharibu uhai wake mwenyewe wala wa mwenziwe. Leo twataka kulishika jambo moja lililo chini ya amri hiyo, jambo linaloliza nyumba nyingi mjini Lubumbashi na katika vijiji vya njia ya Kasenga, ya Kipushi na ya Likasi: ulevi. Hatukusudii kuwagombeza walevi. Maneno ya kuwagombeza wameyasikia tangu asubuhi hata jioni, na kama maneno hayo yangekuwa dawa, wangalikwisha kupona wote. Shabaha yetu ni kueleza njia moja ya msaada ambayo imewasimamisha watu wengi duniani, nayo ni mkutano wa walevi wanaosaidiana kuiacha pombe. Tutaeleza asili yake, mambo yatendekayo humo, namna ya kuutafuta, na namna mkristu awezavyo kuuhudhuria pasipo kuidhuru imani yake.

1. Ulevi ni dhambi, ama ni ugonjwa?

Kanisa halikusema kamwe kwamba kinywaji chenyewe ni kiovu. Bwana Wetu aligeuza maji kuwa divai katika arusi ya Kana, na Mtakatifu Paulo alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Wazee wetu nao wamekunywa munkoyo wa mahindi tangu zamani, katika mavuno na katika mapatano ya ndoa. Lipingwalo ni kupita kiasi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba fadhila ya kiasi yatuepusha na kila namna ya kuzidisha, katika chakula, katika pombe, katika tumbako na hata katika dawa.

Basi mtu anayekunywa hata akapoteza akili kwa kupenda kwake hutenda dhambi. Lakini tazameni vema: kuna mtu aliyeanza kwa kupenda, kisha ikafika siku ambayo kupenda kwake hakuna nguvu tena. Asubuhi mikono yamtetemeka mpaka apate kikombe cha lutuku. Aapa mbele ya mkewe kwamba leo hatakunywa, naye aapa kwa moyo wa kweli, lakini jua halijatua amekwisha kulewa. Huyo amefungwa. Waganga wa Marekani, katika chama chao kikuu, walitamka tangu mwaka 1956 kwamba hali hiyo ni ugonjwa unaostahili kutibiwa hospitalini kama magonjwa mengine. Nalo Shirika la Afya la Ulimwengu limehesabu kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 2 na laki 6 walikufa duniani kwa sababu ya pombe, wengine kwa ugonjwa wa ini, wengine kwa ajali za barabarani, wengine kwa mapigano.

Kwa hiyo maneno haya mawili hayapingani. Dhambi huondolewa kwa toba na sakramenti ya Kitubio. Ugonjwa huhitaji matibabu na msaada wa wenzake. Mlevi ahitaji yote mawili, na anayempa moja tu amemsaidia nusu.

2. Kwa nini nguvu za mtu mmoja hazitoshi

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mlevi hujaribu kuacha pombe peke yake, tena kwa siri, kwa sababu aona haya. Akishinda siku tatu hakuna anayejua wala kumpongeza. Akianguka siku ya nne hakuna wa kumwinua. Tena marafiki alio nao ni wale wale wa kilabuni. Kumwambia mtu huyu aiache pombe bila kumpa rafiki wengine ni kumwambia akae katika nyumba tupu.

Injili yatuonyesha jambo hili waziwazi. Mtakatifu Marko asimulia habari za mtu aliyepooza, ambaye hakuweza kumfikia Yezu kwa miguu yake. Watu wanne walimchukua, na walipouona mlango umezibwa na umati, walipanda wakatoboa dari, wakamshusha. Nasi twasoma kwamba Bwana Yezu aliitazama imani ya hao waliomleta. Mgonjwa hakutembea mpaka hapo alipoambiwa asimame. Kabla yake alichukuliwa na wenzake. Mkutano tunaousema leo ni kama hao watu wanne, tofauti yake ni kwamba kila mmoja wao amepata kulala juu ya kitanda kile kile.

3. Asili ya mikutano hii

Katika mwezi wa Mei wa mwaka 1935, mfanya biashara mmoja wa New York, William Wilson, alikuwa mgeni katika mji wa Akron, nchini Marekani. Alikuwa mlevi mkubwa aliyekaa miezi mitano tu bila kunywa. Biashara iliyompeleka huko ilianguka, mfukoni alikuwa na fedha kidogo, na katika hoteli alimofikia alisikia vicheko vya watu wakinywa. Aliogopa. Badala ya kuingia kwenye chumba cha pombe, aliishika simu akawatafuta watu wa makanisa ya mji ule, akiomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Kwa njia hiyo alikutanishwa na Robert Smith, tabibu wa upasuaji, ambaye pombe ilikuwa karibu kumnyang'anya kazi na nyumba.

Tabibu huyo alikubali kumpokea mgeni kwa robo saa tu; walizungumza saa nyingi, mpaka usiku. Alikuwa amekwisha kusikia mashauri mengi kutoka kwa watu wema wasiokunywa, lakini huyu alikuwa mtu aliyeujua ulevi kwa mwili wake mwenyewe, naye hakuja kumhukumu, bali kuomba msaada. Tarehe 10 Juni 1935 Robert Smith alikunywa mara ya mwisho, na siku hiyo yahesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama kiitwacho Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotaja majina yao ya ukoo. Mara wale wawili walikwenda hospitalini kumtafuta wa tatu. Leo chama hicho chasema kwamba kina mikutano katika nchi zipatazo 180, na katika Afrika yetu kipo Kenya, Uganda, Tanzania, Afrika ya Kusini na kwingineko.

Yafaa wakatoliki wajue kwamba mtawa mmoja alikuwa na sehemu kubwa katika kazi hii. Sista Ignatia aliwapokea wagonjwa katika hospitali ya Mtakatifu Tomaso huko Akron. Zamani hizo hospitali hazikupenda kumlaza mlevi. Mwaka 1939 Sista huyo na tabibu Smith walianza kuwalaza, nao waliandika katika daftari kwamba mgonjwa anaumwa tumbo. Mgonjwa alipotoka, Sista alimpa alama ndogo ya Moyo Mtakatifu wa Yezu na kumfanyisha ahadi: kabla ya kunywa tena, airudishe kwanza mikononi mwake. Wengi walishikwa na ahadi hiyo, maana ni vigumu mtu kumwendea Sista na kumtazama usoni akiwa na nia ya kwenda kunywa.

4. Mambo yatendekayo mkutanoni

Wengi huogopa mkutano kwa sababu hawajui kilichomo. Basi na tueleze.

Watu hukaa pamoja chumbani, wakiwa watano, au kumi, au zaidi, kwa muda wa saa moja au saa moja na nusu. Hakuna ada ya kuingia. Mwishoni chombo hupitishwa, na mwenye kitu hutia kidogo kwa ajili ya chai na kodi ya chumba; asiye na kitu hatoi, wala hasemwi. Hakuna daftari la kuandikia majina. Sharti la kuingia ni moja tu: mtu awe na nia ya kuacha kunywa. Haulizwi kabila, wala dini, wala chama cha siasa, wala kama ana kazi.

Mmoja huongoza kwa zamu. Anayetaka kusema hutaja jina lake la kwanza na kukiri kwamba ni mlevi. Kisha aeleza alivyokuwa zamani, jambo lililompata, na alivyo sasa. Wengine husikiliza. Hawamkatizi, hawambishii, hawampi amri. Asiyetaka kusema husikiliza tu, na mara ya kwanza wengi hufanya hivyo. Lililosemwa humo halitoki nje. Siri hii ndiyo boma la mkutano, na mtu akilivunja kwa kusengenya kisimani au sokoni, amewafungia wenzake mlango wa kuponea.

Iko mikutano ya wazi, ambamo hata mke, ndugu, padri au muuguzi aweza kuingia na kusikiliza. Iko na mikutano ya ndani, ya walevi peke yao. Yafaa kuuliza kabla ya kwenda.

Wanachama hufuata hatua kumi na mbili. Kwa ufupi ni hizi: kukubali kwamba pombe imemshinda mtu, kuamini kwamba Nguvu iliyo kuu kuliko yeye yaweza kumrudishia akili timamu, kujikabidhi kwake, kuyachunguza maisha yake na kuyaungama makosa yake mbele ya Mungu na mbele ya mtu mmoja, kuomba aondolewe kasoro zake, kuwalipa aliowadhulumu palipo na njia, kudumu katika sala, na mwishowe kumpelekea mlevi mwingine habari hii njema. Tena hawaahidi kuacha pombe miaka kumi. Waahidi siku moja, ya leo. Kesho waahidi tena.

Na je, njia hii yafaa kweli, au ni maneno matupu? Mwaka 2020 wataalamu walizikusanya habari za uchunguzi 27 uliohusu watu 10,565. Waliona kwamba wagonjwa walioongozwa kwa utaratibu kuingia katika mikutano ya namna hii walidumu bila kunywa kuliko waliopewa matibabu mengine ya mazungumzo. Si kwamba wote walipona. Lakini walioshikamana na wenzao walisimama wengi zaidi.

5. Je, mkatoliki aweza kuingia humo?

Aweza. Chama hiki si dini, hakina mapadri wala sakramenti. Chamtaja Mungu bila kumlazimisha mtu afuate kanisa fulani, kwa kuwa chataka mlevi yeyote apate mlango. Mkristu aingiapo anajua Nguvu ile ni nani: ni Baba Mwenyezi, aliyetupenda hata akamtoa Mwanawe. Mwaka 1940 padri mmoja Myezuiti, Edward Dowling, alizisoma hatua zile, akaona zinafanana na mazoezi ya roho ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika lake. Alimwendea William Wilson huko New York, akawa rafiki yake na mshauri wake hata kufa.

Lakini msichanganye mambo. Kusema mkutanoni si kuungama. Wale wanaosikiliza hawana mamlaka ya kuondoa dhambi. Mamlaka hiyo Kristu aliwapa mitume na waandamizi wao. Kwa hiyo mkristu ahudhurie mkutano kwa ajili ya kusaidiwa na kusaidia, na aende pia kwenye kitubio kwa ajili ya kusamehewa. Wala mkutano usichukue nafasi ya Misa ya Dominika.

Mwenye imani aliyeanguka chini kabisa asikate tamaa. Matt Talbot, mfanyakazi wa Dublin huko Ireland, alianza kunywa akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi. Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 28, alikwenda kuungama na kuweka ahadi ya kutokunywa. Hakuahidi maisha yote; alianza kwa miezi mitatu tu, kisha akaongeza. Aliishi hivyo zaidi ya miaka arobaini, akichukua mbao kazini na kusikiliza Misa kila siku, mpaka alipofariki njiani akienda kanisani, mwaka 1925. Mwaka 1975 Kanisa lilimtangaza kuwa Mheshimiwa, nayo ni hatua iliyo kabla ya kutajwa Mwenye Heri. Mlevi aliyekuwa akiuza viatu vyake apate pombe, leo twaomba atuombee.

6. Milango ya kubisha

Vikundi huzaliwa, huhama, na pengine hufa. Kwa sababu hiyo hatuandiki hapa siku wala nyumba. Twaonyesha milango ya kubisha.

Mlango wa kwanza ni parokia. Mwendee paroko, au katekista, au kiongozi wa shirika lako dogo la kikristu. Maaskofu wa Kongo walichagua tangu mwaka 1961 kuyasimamisha mashirika hayo madogo, ili majirani wajuane na kusaidiana. Uliza pia katika ofisi ya Karitasi ya jimbo. Usiseme, "Padri atanidharau." Padri aliyekaa katika kitubio hashangazwi na udhaifu wa watu.

Mlango wa pili ni wa waganga. Hapo Lubumbashi Mabruda wa Upendo wana kituo cha magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu, kiitwacho Docteur Joseph Guislain, kwa kumbukumbu ya tabibu wa Gent, nchini Ubelgiji, aliyewatetea wagonjwa wa akili katika karne ya 19. Iko na hospitali kuu Jason Sendwe, na hospitali ya Chuo Kikuu. Kwa wale wa vijijini, muuguzi wa kituo cha afya aweza kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa mbele.

Mlango wa tatu ni simu. Tangu ugonjwa wa mwaka 2020 ulipofunga nyumba za mikutano, vikundi vingi vilianza kukutana kwa njia ya simu na intaneti, na vingine vyaendelea hivyo, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Mzee asiyejua mambo hayo amwombe kijana mwaminifu amtafutie.

Na ikiwa milango yote mitatu umeibisha na mahali pako hapana mkutano? Kumbukeni Akron: walikuwa wawili tu. Kwa kanuni ya chama chenyewe, walevi wawili au watatu wanaokusanyika kwa nia ya kuacha pombe wamekwisha kuwa kikundi. Mwombeni padri chumba. Kisiwe karibu na kilabu. Chagueni siku moja na saa moja, msizibadili, hata mvua ikinyesha, maana mgonjwa akija mara moja akakuta mlango umefungwa huenda asirudi. Wekeni maji au chai. Msikusanye michango mikubwa, kwa kuwa fedha huleta ugomvi. Msimfanye mtu mmoja kuwa mkubwa wa siku zote. Ongozeni kwa zamu.

7. Onyo kwa wanaokunywa sana kila siku

Hapa twaomba msikilize kwa makini. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, kwa miaka, asiache ghafula akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa waweza kutetemeka, kutoka jasho, na kushikwa na kifafa katika siku mbili za kwanza. Siku ya pili, ya tatu au ya nne mgonjwa huenda akaona wadudu na watu wasiokuwapo, akachanganyikiwa, na hata akafa. Hayo si mashetani wala uchawi, ni ugonjwa unaojulikana, na hospitali ina dawa zake, pamoja na vitamini za kumlinda ubongo. Basi kwanza mganga, kisha mkutano.

Jihadharini vilevile na wale wanaouza unga wa siri wa kutia katika kikombe cha mume bila yeye kujua. Na lutuku iliyopikwa vibaya, au iliyochanganywa na spiriti ya viwandani, yaweza kuwa na sumu inayopofusha macho. Mtu akinywa kisha akalalamika kwamba aona ukungu, apelekwe hospitalini saa ile ile.

8. Maneno kwa jamaa ya mlevi

Mke hakumfanya mumewe kuwa mlevi, wala hana uwezo wa kumponya kwa machozi. Akificha chupa, mume atanunua nyingine. Akimlipia madeni ya kilabuni, amempa nafasi ya kukopa tena. Akimdanganya msimamizi wa kazi kwamba mume ana homa, amemzuia asione matunda ya matendo yake. Kuyaacha mambo hayo si ukatili. Wala ndoa takatifu haimlazimishi mke akae na watoto chini ya fimbo. Penye mapigano na aende kwa wazazi, au kwa padri, au kwa wakubwa wa mtaa, aokoe uhai kwanza. Tangu mwaka 1951 jamaa za walevi wana mikutano yao wenyewe, iitwayo Al-Anon, iliyoanzishwa na mke wa William Wilson, Lois, pamoja na rafiki yake.

Tusisahau pia kwamba wako akina mama wanaokunywa. Hao hujificha zaidi kwa kuwa aibu yao ni mara mbili. Anayemcheka mama mlevi na kumhurumia baba mlevi hana mizani ya haki.

9. Maswali na majibu

Swali: Mtu akirudia kunywa baada ya kuhudhuria mkutano, afukuzwe?
Jibu: Hapana. Arudi, aseme kweli, aanze tena siku yake moja. Petro alimkana Bwana mara tatu, naye hakufukuzwa.

Swali: Mlevi aliyepona afanyeje penye Komunyo ya maumbo mawili?
Jibu: Apokee umbo la mkate peke yake. Kristu mzima yumo katika kila umbo, wala hapungukiwi na neema. Asione haya kupita kikombe bila kunywa. Padri aliye na ugonjwa huo aweza kumwomba Askofu ruhusa ya kutumia maji ya zabibu ambayo hayajageuka kuwa divai kamili; Roma ilieleza jambo hilo mwaka 2003.

Swali: Mama anayepika lutuku ili alipe karo ya watoto atenda dhambi?
Jibu: Anayemwuzia mtu aliyekwisha kulewa, au anayeuza kitu akijua kina sumu, ana hatia. Lakini wanashirika wanaomlaumu bila kumtafutia kazi nyingine nao wana deni. Mkopesheni mtaji mdogo wa mboga, au wa sabuni, au wa unga, ndipo mmwambie avunje mtungi.

Swali: Mkatekista aliye mlevi aseme au anyamaze?
Jibu: Aseme kwa padri wake, mapema. Mficha maradhi kilio humfichua. Akinyamaza, watu watajua, na watajua vibaya.

Swali: Nimwambieje jirani yangu aende mkutanoni?
Jibu: Usimwambie akiwa amelewa. Ngoja asubuhi akiwa na akili zake, mwambie mambo uliyoyaona kwa macho yako, bila matusi, kisha umwambie, "Nitakusindikiza." Neno hilo la mwisho lina nguvu kuliko hotuba.

Azimio la juma hili

Kila mwenye kusikia somo hili amkumbuke mtu mmoja, kwa jina, aliyefungwa na pombe. Amwombee kila jioni kwa Bikira Maria, ambaye katika arusi ya Kana aliona upungufu wa watu kabla hawajasema. Kisha aulize katika parokia kama kuna mkutano, siku gani na saa ngapi, aliweke neno hilo akiba. Siku yule mtu atakaposema, "Nimechoka," hatangoji tena. Jibu litakuwa tayari.

Na wewe uliyefungwa, ambaye labda wasikiliza ukiwa umekaa mbali kidogo na wenzako ili wasikione kitu unachokificha: twasema nawe hasa. Usiahidi mwaka. Mwambie mtu mmoja leo, na leo peke yake usinywe, au kama umezoea sana, leo peke yake nenda kwa mganga. Ya kesho tutayasema kesho.

Tumsifu Yezu Kristu. Milele na milele. Amina.